Kuishi na Moyo Uliodhoofika Bila Kufa Moyo

Kila anayehudhuria kliniki ya moyo hapa Kisumu ana daftari. Ni daftari la kawaida la shule, lenye jalada lililolainika kwa kushikwashikwa, ambamo daktari huandika shinikizo la damu, uzito, dawa na tarehe ya kurudi. Nimeishi na ugonjwa huu wa moyo kushindwa kufanya kazi kwa miaka sita na nimejaza madaftari matatu. Katika lile la kwanza hakuna hata mstari mmoja unaotaja kwamba kwa miezi minne nilikuwa nikiogopa kulala. Simlaumu mtu kwa hilo, kwa sababu sikuulizwa na mwenyewe sikusema. Mambo yalianza kunyooka siku nilipoamua kuiandika hofu yangu katika daftari lile lile la uzito, na njia hiyo ndiyo ninayokusudia kuieleza hapa kwa wagonjwa wenzangu na kwa wanaowatunza. Mimi si daktari bali mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Palipo na jambo la dawa, neno la mwisho ni la kliniki yako.

Kulielewa jina la ugonjwa

Daktari anapotamka kwamba moyo umeshindwa kufanya kazi, wengi wetu husikia kwamba moyo umesimama au u karibu kusimama. Maana yake si hiyo. Moyo ni msuli, na katika ugonjwa huu msuli huo umedhoofika au umekakamaa kiasi cha kutosukuma damu inayoutosha mwili. Figo nazo huitikia kwa kuzuia chumvi na maji, ambayo hujikusanya miguuni, tumboni na mapafuni. Ni ugonjwa mzito unaopanda na kushuka, lakini dawa zipo, na watu hulea watoto, hulima na huuza sokoni wakiwa nao.

Ualimu unanilazimisha niongeze jambo la lugha. Kiswahili kimeuweka ujasiri wa mtu ndani ya kiungo hicho hicho: hupiga moyo konde, hutiwa moyo, hufa moyo. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba moyo wake umeshindwa huhisi kwamba ni yeye mwenyewe aliyeshindwa. Majirani zangu Waluo wana nafuu kidogo, kwa kuwa adundo ni ule unaodunda kifuani na chuny ndio unaohuzunika; sisi Waluhya tuna omwoyo mmoja kwa yote mawili. Nilipomwomba daktari wangu aseme tu kwamba moyo umechoka na tunausaidia, alicheka, akakubali, na nyumbani tumeendelea kuuita hivyo. Chagueni jina ambalo familia inaweza kulitamka mezani bila sauti kushuka.

Inafaa pia kujua kwamba hauko peke yako wala hukuugua mapema kuliko wenzako. Utafiti uliohusisha wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa ugonjwa huu katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwamo, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na kwamba chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu. Ulaya na Marekani wengi wa wagonjwa hawa wamepita miaka 70. Tofauti hiyo ina uzito wake katika mawazo, kwa maana anayeugua akiwa na miaka 52 bado ana karo ya kulipa na wazazi wa kutunza. Kwetu huugua hata vijana ambao homa ya baridi yabisi iliharibu vali, yaani milango ya damu, za moyo wao utotoni, na akina mama ambao moyo uliwadhoofika mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua. Mama wa namna hiyo asiibebe peke yake hofu ya mimba nyingine. Azungumze na daktari pamoja na mumewe kabla ya kushika mimba, kwa sababu hatari hiyo ni ya kweli na njia za kupanga uzazi zinazofaa moyo wake zipo.

Ni hofu au ni maji?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoumia. Maji ya mapafuni na hofu huvaa nguo moja. Yote mawili hukuamsha ghafla, hukukata pumzi, huufanya moyo uende mbio na hukutoa jasho. Asiyejua kuyatenganisha huishia katika kosa moja kati ya mawili: ama hukimbilia hospitali kila wiki hadi nauli imwishie, ama hujiambia kwamba ni mawazo tu hadi maji yamzidi.

Maji yana tabia zake. Unapolala chali, maji yaliyokaa miguuni mchana hurudi katika mzunguko wa damu na kuulemea moyo. Ndiyo maana kukosa pumzi kwa namna hii hukuamsha saa moja au mbili baada ya kupata usingizi na hupungua ukikaa kitako huku miguu ikining'inia. Aghalabu dalili nyingine huwa zimetangulia polepole, kama vile viatu kubana, kikohozi cha usiku, mto wa pili kuhitaji wa tatu na mizani kupanda. Hofu, kwa upande wake, haijali umelalaje. Huja na wazo fulani, huleta ganzi kwenye ncha za vidole na kandokando ya midomo, hufika kileleni kwa dakika chache, kisha hupoa, na asubuhi mizani huonyesha uzito ule ule wa jana.

Hata hivyo, usiku wenyewe usijipe kazi ya kuamua. Keti ukingoni mwa kitanda, teremsha miguu, fungua dirisha. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi tatu, kisha itoe kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama mtu anayepoza uji, ukihesabu hadi sita. Zoezi hili halidhuru chochote iwapo ni maji, na huisaidia sana hofu. Ikiwa robo saa imepita bila nafuu, mwamshe mtu mwende hospitali. Maumivu ya kifua, kuzirai, midomo kubadilika rangi, kukohoa povu lenye wekundu hafifu au kushindwa kumaliza sentensi ni mambo yasiyosubiri hiyo robo saa, sembuse mapambazuko. Penye shaka, chukulia kwamba ni moyo. Daktari atakayekuambia kwamba ilikuwa hofu hajakuvunjia heshima.

Safari hiyo ya usiku ipangwe mchana. Tafuta mwenye gari au tuktuk anayelala karibu nawe, mkubaliane bei, namba yake iwe katika simu mbili za nyumbani. Bodaboda haimfai mtu aliyekatika pumzi, kwa maana anaweza kuzirai akaanguka. Jirani yangu mwenye tuktuk aliniambia, "Mwalimu, hata saa nane usiku wewe nipigie tu." Katika miaka yote hii nimempigia mara mbili, lakini nina hakika kwamba neno lake limenilaza usingizi usiku mwingi kuliko tembe yoyote.

Mistari miwili kila asubuhi

Ukiamka, nenda haja ndogo kwanza, kisha jipime uzito kabla ya chai, ukiwa umevaa nguo zisizotofautiana sana na za jana. Ukiona umepanda zaidi ya kilo 2 kwa siku 3, wasiliana na kliniki siku hiyo hiyo. Asiye na mizani amwulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake au aombe kupimwa katika dispensari iliyo karibu. Huo ni mstari wa kwanza, na kliniki nyingi huufundisha.

Mstari wa pili ni nyongeza yangu. Andika usiku ulikuwaje, hofu ilifika wapi kati ya 0 na 10, na wazo gani lilikuja nayo. Mfano kutoka daftari langu unasema: "Jumatatu, kilo 71.4. Niliamka saa nane. Hofu 7. Karo ya muhula wa pili." Usiandike insha, mstari mmoja unatosha, na siku ambayo huna nguvu andika namba peke yake.

Baada ya majuma matatu nilikaa na binti yangu tukasoma. Usiku mbaya ulikuwa ule wa Jumapili, na karibu kila mara Jumapili jioni nilikuwa nimepigiwa simu kuhusu pesa. Mizani haikuwa imesogea. Usiku mbili tu, moja baada ya arusi na moja baada ya matanga, uzito ulikuwa umepanda, na hizo hazikuwa hofu hata kidogo bali chumvi. Tulichofanya ni chepesi kueleza: simu za pesa zikahamia asubuhi ya Jumamosi, na mawazo yote yakapewa saa yake. Kila siku saa kumi jioni huketi chini ya mwembe kwa nusu saa, nikayafikiri yanayonitia wasiwasi na kuandika lile moja ambalo naweza kulifanyia kitu kesho yake. Wazo likija usiku huliambia lisubiri saa kumi. Linasikika kama jambo la kitoto, na mwanzoni halikunitii, lakini kufikia mwezi wa pili lilikuwa limenipunguzia nusu ya kuamka kwangu.

Maisha ya mtu anayekojozwa

Tembe za kupunguza maji, ambazo wengi tunazijua kwa jina la Lasix, huokoa maisha na huaibisha kwa wakati mmoja. Mtu huanza kukataa safari ya matatu kutoka Kisumu kwenda Kakamega, kisha huacha kanisa, kisha chama, na mwishowe hukaa nyumbani mwaka mzima huku wote wakidhani kwamba amezidiwa. Usiiache tembe ili uende safari. Mwulize daktari kama siku ya safari unaweza kuimeza ukisharejea, kwa kuwa wagonjwa wengi huruhusiwa kusogeza saa, mradi wasiiruke. Kanisani chagua kiti cha pembeni karibu na mlango. Atakayehesabu mara ngapi umetoka ana shida zake.

Matanga yana uzito wa pekee huku kwetu, kwa sababu kukosekana kwako hutafsiriwa. Nenda siku ya mazishi yenyewe badala ya kukesha, keti kivulini, usibebe kitu, na mchango wako utume mapema ili ukitaka kuondoka uondoke. Kuhusu chakula, sema mapema bila kuona haya. Mboga za kienyeji zilizopikwa kwa magadi zina sodiamu ambayo mwili wako huihesabu kama chumvi, sawa na viungo vya mchuzi vya pakiti na samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Mke wangu hupika mrenda na kunde bila magadi, akaziunga kwa maziwa, na wageni hawajalalamika.

Pia utakutana na wanaojua chanzo cha uvimbe wako kuliko mashine ya hospitali. Utaambiwa umerogwa, au ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, au kwamba imani yako ni haba kwa sababu ungali unameza dawa. Sishauri mabishano, kwani humchosha mgonjwa na hayamgeuzi shangazi wa miaka 80. Mimi hujibu, "Shangazi, niombee, nami nitaendelea na tembe," na hapo hapo hubadilisha mazungumzo. Kinachopaswa kukataliwa kabisa ni kuacha dawa kwa sababu umepata nafuu au umeombewa, pamoja na kunywa mchanganyiko usiojulikana una nini ndani yake.

Huzuni inapokaa

Hofu hupiga kelele, lakini sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, hukaa kimya. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa moyo ulioshindwa huwa nayo, na mwenye sonona hulazwa mara nyingi zaidi na huwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko mwenzake asiye nayo. Ugumu ni kwamba uchovu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi ni dalili za magonjwa yote mawili. Kwa hiyo jipime kwa jambo lisilohitaji nguvu. Je, bado unafurahia taarabu redioni, hadithi za wajukuu, habari za timu ya Gor Mahia au AFC Leopards? Anayeshindwa kulima kwa sababu ya moyo husikitika kwamba halimi. Mwenye sonona hajali tena kama shamba limelimwa. Ikiwa kwa majuma mawili, karibu kila siku, umekuwa na huzuni au umepoteza raha ya vitu ulivyovipenda, andika hivyo daftarini kwa maneno hayo hayo na upeleke kliniki.

Yapo mambo yanayosaidia hata kabla ya kliniki. Kutembea ni mojawapo. Jaribio kubwa lililofanywa Marekani, Kanada na Ufaransa kwa wagonjwa zaidi ya 2,000 wa ugonjwa huu lilionyesha kwamba mazoezi ya mpango hupunguza dalili za sonona, ingawa si kwa kiasi kikubwa. Mwulize daktari kama hali yako imetulia, kisha anza na dakika tano au kumi asubuhi kabla ya jua la Kisumu kupata ukali, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Ukishindwa kuongea, punguza. Jambo la pili ni kazi. Pole nyingi humfanya mtu ajione mzigo, na dawa yake ni kazi ndogo yenye faida kwa wengine. Aliyekuwa akibeba beseni la samaki anaweza kuketi na kushika hesabu. Mimi husahihisha insha za watoto wa mtaa, na siku nisiposahihisha huja kuniuliza.

Kuhusu dawa za sonona nitasema ukweli kama ulivyo. Majaribio makubwa ya dawa hizo kwa wagonjwa wetu hayakuonyesha kwamba zinashinda tembe bandia zisizo na dawa ndani, ilhali mazungumzo yaliyopangwa na mshauri nasaha, yanayomfundisha mtu kuyachunguza mawazo yake na kurudia shughuli, yamepunguza sonona. Hiyo haimaanishi kwamba daktari akikuandikia dawa amekosea, kwani kila mgonjwa ana hali yake. Lakini baadhi ya dawa, kama amitriptilini, zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo kila anayekuandikia dawa aone daftari lako lote kwanza. Usijinunulie dawa za usingizi. Wala usimeze diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya mwili, kwa kuwa huzuia chumvi na maji. Duka moja la dawa liliwahi kunipa hizo bila swali lolote, na kwa siku nne nilivimba hadi magotini. Pombe za chang'aa na busaa ambazo baadhi yetu huzikimbilia ili kulala huudhoofisha msuli wa moyo wenyewe.

Likikujia wazo la kujitoa uhai, au la kuacha dawa ili mambo yaishe, mwambie mtu siku hiyo hiyo. Laini ya 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya haina malipo. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa polisi. Wajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.

Chumbani na jikoni

Unyumba huogopwa na wote wawili, na hakuna anayeuliza. Kwa mtu ambaye hali yake imetulia, kipimo kinachotumika ni ngazi: akiweza kupanda ghorofa mbili bila kukatika pumzi wala kuumwa kifua, kwa kawaida anaweza. Baadhi ya dawa hupunguza hamu au nguvu. Mwambie daktari, naye huenda akabadilisha. Vidonge vya nguvu za kiume vinavyouzwa steji viacheni, kwani vikikutana na dawa fulani za moyo huteremsha shinikizo la damu kwa namna inayoweza kuua.

Kwa mtunzaji nina ombi moja kubwa: usiwe polisi wa chumvi. Mke wangu alipoacha kunipokonya kijiko na kuanza kupika chakula kimoja kwa nyumba nzima, ugomvi uliisha wiki hiyo. Naye ana siku yake, Alhamisi alasiri, ambayo binti yetu hukaa nami, mwenyewe huenda kwa chama chake bila kupigiwa simu. Uchovu wa mtunzaji nao una haki ya kuandikwa.

Pesa huchangia hofu kuliko tunavyokiri. Jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024, ukiwa mzima wa kutembea, kwani hujui utalazwa lini. Dawa zinunuliwe zikisalia za wiki moja.

Siku ya kliniki

Foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache, iwe ni katika hospitali ya Jaramogi, ambayo wakazi wa Kisumu bado wanaiita Russia, au Nakuru au Eldoret. Mgonjwa huzimaliza dakika hizo kwa kutaja miguu na tembe, akaikumbuka hofu akiwa mlangoni. Usiku wa kuamkia kliniki, chora mstari daftarini na uandike chini yake sentensi moja inayoanza na usingizi au huzuni, si na miguu. Ukiketi, isome hiyo kwanza. Yangu ya mwaka jana ilisema: "Daktari, kwa majuma matatu nimeamka mara kumi na moja, hofu imefika 8, na mizani haijapanda." Aliivuta daftari karibu, akasoma kurasa mbili nyuma, akauliza, "Mwalimu, ni nini hiki cha Jumapili?" Akisema hana muda, mwombe akuandikie barua ya kumwona mshauri nasaha au kliniki ya afya ya akili katika hospitali hiyo hiyo, na usitoke kabla barua hiyo haijabandikwa katika daftari lako.